MVUA, MATOPE NA MCHAWI: JINSI YA KUTAMBUA HOJA MAPACHA

Mwaka huu mhariri amenitwika mzigo wa kuandika somo la sarufi kuhusu hali ya masharti. Mwanzoni nilidhani ni kazi rahisi. Unaandika -ki-, unaandika -nge-, unaandika -ngali-, unatoa mifano mitano, basi, ukurasa umejaa. Lakini mjadala wetu wa muhula wa pili ulinibadilisha nia. Waliokuwa ukumbini Ijumaa ile wanakumbuka. Ambao hawakuwapo, ngojeni niwasimulie.

Mada ilikuwa kama simu imeleta faida au madhara vijijini. Katikati ya mjadala mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu akatoka nje ya mada kabisa. Alisema kijijini kwao, upande wa Nyamira, kuna bibi mjane ambaye watu wanamwogopa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu, kwa hivyo maneno yake ninayo: "Mchawi hutembea usiku. Huyu bibi ameonekana barabarani usiku wa manane mara mbili. Sasa jameni, mnataka ushahidi gani mwingine?" Ukumbi mzima ulipiga makofi. Hata mimi nilipiga, sifichi.

Mlezi wetu wa chama hakukasirika. Alichukua chaki akaandika ubaoni:

Mvua ikinyesha usiku, njia ya jikoni huwa na matope.
Leo asubuhi njia ya jikoni ina matope.
Kwa hivyo mvua ilinyesha usiku.

Akatuuliza, "Haya, ni kweli?" Tulicheka. Wiki hiyo bomba la tangi lilikuwa limepasuka, na tangu Jumatano tulikuwa tunaruka matope tukienda kuchukua uji, ilhali hata tone moja la mvua halikuwa limeanguka. Mwalimu akasubiri kicheko kiishe, kisha akasema, "Hoja ya mwenzenu na hii yangu ni mapacha. Mkiicheka moja, ichekeni na ya pili. Au mkae mfikiri kwa nini mmepigia makofi moja tu."

Basi somo langu ni hilo: hoja mapacha. Hoja mbili zinaweza kuzungumzia mambo tofauti kabisa, moja matope na nyingine uchawi, na bado zikawa na umbo moja. Zikiwa na umbo moja, basi kama umbo hilo ni bovu katika moja, ni bovu katika nyingine pia. Faida yake ni kubwa. Kuhusu matope hakuna anayepandwa na hasira, kwa hivyo akili inaona vizuri. Kuhusu uchawi damu inachemka na macho yanafungwa. Ukitaka kupima hoja inayochemsha damu, itafutie pacha wake asiyechemsha.

Tuanze na sarufi kidogo, maana hiki ni chama cha Kiswahili. Sentensi ya masharti ina sehemu mbili. Ya kwanza tuiite sharti: "mvua ikinyesha". Ya pili tuiite tokeo: "njia huwa na matope". Sharti huonyeshwa kwa -ki-, na kwa -sipo- likiwa la kukanusha. Pia kuna maneno kama, ikiwa, iwapo na endapo. Hayo mnayajua tangu shule ya msingi.

Jambo ambalo wengi hatulioni ni kwamba Kiswahili hupenda kulificha sharti. Tazama sentensi ya mwenzetu: "Mchawi hutembea usiku." Hakuna -ki-, hakuna kama. Lakini ukiifungua utakuta ndani yake kuna sharti: "Mtu akiwa mchawi, hutembea usiku." Methali zetu nyingi zimefungwa hivyo hivyo. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" maana yake ni mtu asiposikia la mkuu, huvunjika guu. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" maana yake ni mtu akitaka cha mvunguni, lazima ainame. Sasa ukimkuta mtu ameinama, je, anataka cha mvunguni? Labda. Labda anafunga kamba za viatu. Methali haikusema kila anayeinama anataka kitu cha mvunguni. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya kutafuta pacha ni kulifungua sharti lililofichwa na kuliandika wazi. Ukiruka hatua hiyo utapotea.

Kazi ya pili ni kutazama ni sehemu gani ambayo msemaji ametupatia. Je, ametuambia sharti lipo, au halipo? Au ametuambia tokeo lipo, au halipo? Hapo maumbo ni manne tu.

Umbo la kwanza: sharti lipo, kwa hivyo tokeo lipo. Mvua ya mawe ikipiga shamba, majani ya chai huchanika. Jana mvua ya mawe ilipiga shamba letu. Kwa hivyo majani yamechanika. Hapa hakuna ubishi.

Umbo la pili: tokeo halipo, kwa hivyo sharti halipo. Mvua ya mawe ikipiga, majani huchanika. Majani hayajachanika. Kwa hivyo mvua ya mawe haikupiga. Hili nalo ni zima, ijapokuwa linachukua muda kidogo kuingia akilini. Wagiriki wa kale waliyajua maumbo haya mawili. Chrysippus, mwanafalsafa wa karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyaweka mwanzoni mwa orodha yake ya hoja za msingi, na mahali pa maneno aliweka "la kwanza" na "la pili" tu, ili mtu aone umbo bila kushikwa na habari iliyomo.

Umbo la tatu ndilo la matope na la bibi: tokeo lipo, kwa hivyo sharti lipo. Hili ni bovu. Kwa nini? Kwa sababu tokeo moja linaweza kuwa na mama wengi. Matope yanaweza kuletwa na mvua, na bomba, au na mwanafunzi wa zamu aliyemwaga maji ya kuoshea sufuria. Kutembea usiku vilevile. Mlinzi hutembea usiku. Muuguzi wa zamu hutembea usiku. Mkulima aliyengoja gari la chai kituoni mpaka likachelewa, hurudi nyumbani usiku na kikapu chake mgongoni. Mama mwenye mtoto mgonjwa haulizi ni saa ngapi. Na Ijumaa ile msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida hasemi chochote mjadalani, aliinua mkono akauliza swali lililotunyamazisha sote: "Na huyo aliyemwona bibi usiku wa manane, yeye alikuwa wapi?" Ebu fikirini. Kama kuonekana barabarani usiku kunatosha, basi shahidi naye ni mchawi.

Umbo la nne: sharti halipo, kwa hivyo tokeo halipo. Mvua haikunyesha, kwa hivyo njia haina matope. Nenda ukakanyage uone. Hili nalo ni bovu. Lakini hapa nitasimama kidogo, kwa sababu katika mazungumzo ya nyumbani mambo si rahisi hivyo. Mama akikwambia, "Ukimaliza kuchuma mistari hii mitatu utaenda sokoni," hujamaliza na unataka kwenda, usimwambie eti kwa mantiki hakusema kwamba usipomaliza hutaenda. Utajua mwenyewe. Mama alikusudia "ukimaliza tu", na kila mtu nyumbani alimwelewa hivyo. Katika ahadi na vitisho tunasikia masharti mawili ndani ya moja. Kwa hivyo kabla hujasema hoja ya mtu ni bovu, jiulize kwanza alikusudia nini hasa.

Pengine kuna msomaji anayesema, haya ni mambo ya ubaoni tu, ya kujifurahisha. Laiti yangekuwa hivyo.

Mwezi Mei mwaka 2008, hapa kwetu Kisii, watu 11 waliuawa kwa kuchomwa moto na kundi la watu waliowaita wachawi. Wanane walikuwa wanawake na watatu wanaume, wengi wao wazee. Nyumba zao ziliteketezwa. Baadaye waandishi wa habari walipofika, wanakijiji walidai kwamba katika shule ya msingi ya hapo karibu lilipatikana daftari lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi, na kwamba ndani yake mlikuwa na majina ya watu ambao wangerogwa. Na mwezi Oktoba mwaka 2021, upande wa Marani, wanawake wanne waliuawa wakisingiziwa kumroga kijana mwanafunzi.

Nimelifikiria sana lile daftari, pengine kwa sababu mimi ni mwandishi wa kumbukumbu za chama na nina daftari langu. Tuifungue hoja yake. Wachawi wakikutana na kuandika, patakuwa na daftari. Daftari lipo. Kwa hivyo wachawi walikutana. Ni umbo gani hilo? Ni la tatu, matope yale yale. Daftari la namna hiyo linaweza kuandikwa na mtoto anayecheza, au na mtu mwenye chuki na jirani yake, au na mtu anayelitamani shamba la mjane. Yeyote mwenye kalamu anaweza. Wanafunzi wenzangu, daftari ni shilingi chache dukani. Watu 11 hawarudi.

Tena kuna hoja nyingine inayotembea na hizo, nayo ni mbaya zaidi kwa sababu haina mlango wa kutokea. Mshukiwa akilia, watu husema anajifanya. Asipolia, husema moyo wake ni mgumu kama wa mchawi. Akikimbia, ana hatia. Akibaki, ana kiburi. Pacha wake mnamjua: jogoo liwike lisiwike, kutakucha. Kama kutakucha jogoo likiwika, na kutakucha lisipowika, basi kuwika kwa jogoo hakutuambii lolote kuhusu kucha. Vivyo hivyo machozi ya yule bibi hayakutumika kama ushahidi hata kidogo. Hukumu ilikwisha tolewa kabla hajalia. Na hapa niseme waziwazi, kuna methali moja sipendi itumike ovyo: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Likiwepo, methali imeshinda. Lisipokuwepo, methali imeshinda. Uvumi ukipewa methali ya namna hiyo, nani atauzuia?

Sasa turudi kwa -ngali-, nilichoagizwa kuandika tangu mwanzo. Walimu wetu hutukataza kuchanganya -nge- na -ngali- katika sentensi moja, na hutuambia kwamba -ngali- ni ya jambo lililopita ambalo halikutokea. "Ningalisoma, ningalipita." Maana yake sikusoma, wala sikupita. Tazameni ajabu ya kiambishi hiki. Anayekitumia anakupa sharti na tokeo, na papo hapo anakuambia kwamba tokeo halikuwapo. Umbo la pili limekaa ndani yake tayari. Ukisema "Mvua ya mawe ingalipiga, majani yangalichanika", msikilizaji hangoji sentensi ya pili. Anajua majani ni mazima, anajua haikupiga.

Basi chukua kiambishi hiki ukipeleke kwenye moto ule wa 2008. Watu husema mchawi ana nguvu za kupita katika mlango uliofungwa, za kumdhuru adui aliye mbali, za kujua anayekuja kabla hajafika. Haya. Wangalikuwa na nguvu hizo, wangalijiokoa. Hakuna aliyejiokoa. Hoja hiyo umbo lake ni zima. Mtu akitaka kuipinga atapaswa kuligusa lile sharti lenyewe, aseme nguvu hizo hazipo au hazina kazi. Na akisema hivyo, anabaki akiogopa nini?

Siku ya mjadala yule mwenzetu hakukubali kirahisi, na nampa heshima kwa hilo. Alisimama tena akasema, "Mwalimu, lakini dalili ya mvua ni mawingu. Hata daktari anatumia dalili. Kwani yeye ni mjinga?" Swali zuri. Mimi binafsi sikuwa na jibu wakati ule, ila nimelitafuta tangu siku hiyo.

Tuchukue homa. Mtu akiwa na malaria, hushikwa na homa. Ndugu yako ana homa. Kwa hivyo ana malaria. Pacha wa matope tena! Na sisi wa nyanda za juu tulikuwa na sababu ya kufikiri hivyo, kwa kuwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 malaria ilirudi kwa nguvu katika milima ya magharibi mwa Kenya, Kisii na Nyamira zikiwemo. Kila nyumba ilikuwa na mgonjwa, na kila homa iliitwa malaria. Lakini homa ya matumbo pia huleta homa. Nimonia pia. Mtoto mwenye nimonia akipewa dawa ya malaria peke yake anaweza kufa huku wazazi wakidhani ametibiwa. Ndiyo maana mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa.

Kwa hivyo daktari hutumia dalili, ndiyo, lakini anaitumia kuamua apime nini. Akiona homa anatoa tone la damu kidoleni. Haandiki cheti cha kifo. Ukiona mawingu unaanua nguo, na mvua isiponyesha hujapoteza kitu. Kadiri kosa lilivyo ghali, ndivyo dalili peke yake isivyotosha. Hata sheria yetu inalitambua hilo: Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1925 inamfanya mkosaji mtu anayemshtaki mwenzake kuwa ni mchawi, isipokuwa ameyapeleka madai yake kwa wenye mamlaka kama polisi au chifu.

Kabla ya zoezi, nawaletea mchezo wa kadi. Ulibuniwa na mwanasaikolojia Mwingereza, Peter Wason, mwaka 1966. Sisi tuliucheza chamani kwa istilahi zetu. Kuna kadi nne mezani. Kila kadi ina herufi upande mmoja na nambari upande wa pili. Unachoona ni A, K, 4 na 7. Kanuni ni hii: kadi ikiwa na irabu upande mmoja, ina nambari shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi ambazo lazima uzigeuze ili ujue kama kanuni imefuatwa?

Karibu kila mtu chamani alisema A na 4. Msione haya, Wason naye aligundua kuwa walio wengi hukosa. Jibu ni A na 7. Ukiigeuza 4 ukakuta konsonanti, kanuni haijavunjwa, kwa sababu haikusema konsonanti haziwezi kuwa na shufwa. Lakini ukiigeuza 7 ukakuta irabu, kanuni imevunjika vipande. Tunaikimbilia 4 kwa sababu imetajwa katika kanuni. 7 haikutajwa, kwa hivyo tunaiacha imelala, na kumbe ndiyo yenye habari. Katika kisa cha bibi, kanuni ambayo watu waliitegemea kimyakimya ni "anayetembea usiku ni mchawi". 7 yake ni yule ambaye kila mtu anakubali si mchawi: mlinzi, muuguzi, baba yako. Mgeuze. Je, hatembei usiku?

ZOEZI

1. Soma hoja hii: "Jiwe likiwa limetoka Tabaka, ni laini hata hukatwa kwa kisu. Jiwe hili si laini. Kwa hivyo halikutoka Tabaka." Ni ipi kati ya hizi tatu iliyo pacha wake?

(a) Jiwe likiwa la Tabaka, wachongaji hulipenda. Wachongaji wanalipenda jiwe hili. Kwa hivyo ni la Tabaka.

(b) Kwa hivyo matatu ya mwisho haijapita, kwa maana ikipita mbwa wa dukani hubweka, na mbwa hajabweka.

(c) Kengele isipolia, wanafunzi huchelewa. Kengele imelia. Kwa hivyo hakuna aliyechelewa.

Tahadhari: mapacha hawatambuliwi kwa nguo. Hoja moja hapo juu inazungumzia mawe kama ya swali lakini si ndugu yake hata kidogo, na nyingine imeanza na hitimisho.

2. Fungua sharti lililofichwa katika methali hizi, kisha useme ni kitu gani ambacho methali haikusema: "Mchelea mwana kulia hulia yeye", "Mvumilivu hula mbivu".

3. Andika sentensi tatu za -ngali- kuhusu jambo lililotokea kijijini kwenu, na chini ya kila moja uandike kile ambacho msikilizaji anakijua bila kuambiwa.

4. Sikiliza mazungumzo katika matatu au sokoni kwa siku moja. Leta hoja moja yenye umbo la tatu pamoja na pacha wake wa matope. Usitaje jina la mtu anayesemwa.

Majibu yaletwe kwa katibu wa chama kabla ya kufunga shule. Kuhusu yule mwenzetu wa kidato cha tatu, tulipofungua muhula huu nilimuuliza kama alimwona bibi likizoni. Akasema alimwona, usiku, karibu saa tatu. Bibi alikuwa anatoka kituo cha chai na kikapu kitupu, naye alikuwa anatoka huko huko na cha mama yake, kwa hivyo walitembea pamoja mpaka njia panda.